Chaneli za Historia Kwenye King'amuzi: Tathmini ya Mtazamaji wa Tanga

Kifurushi ninachokitathmini hapa ni kile cha juu cha kampuni moja ya ving'amuzi, na nimekichagua kwa sababu ndicho chenye chaneli za historia zinazorusha vipindi usiku na mchana. Jirani zangu wengi hapa Tanga hukilipia kwa ajili ya mpira wa Ulaya, na chaneli hizo kwao ni nyongeza wanayoipita kwa rimoti. Mimi nakilipia kwa ajili ya historia peke yake, kwa hiyo nimeona ni haki kukipima kwa swali moja: je, yanayosemwa humo yana ushahidi, na je, mtazamaji anapewa njia ya kuufikia ushahidi huo? Nimevifuatilia zaidi vipindi vinavyohusu pwani yetu, kwa kuwa ndivyo ninavyoweza kuvilinganisha na maandishi mengine na hata na ardhi yenyewe. Hukumu yangu naitoa mapema ili anayetaka kulipia ajue: kifurushi hiki kina vipindi vichache vya thamani kubwa, kina vingi vinavyosimulia kwa ustadi bila kuonyesha vilikozitoa habari zake, na kina vingine ambavyo havikustahili kabisa kuitwa historia.

Kuhusu mambo ya kawaida ya huduma sina mengi ya kusema. Picha ni safi, sauti ni safi, na mawimbi hayakatiki isipokuwa mvua kubwa ya masika inapopiga. Vipindi hurudiwa mno, kiasi kwamba mtu akikosa kimoja hana haja ya kuhuzunika, kwani atakikuta tena kabla wiki haijaisha. Upungufu mkubwa ni lugha: kila kipindi ni cha Kiingereza, na sijaona hata kimoja chenye maandishi ya Kiswahili chini ya kioo, ilhali kampuni inakusanya fedha zake Tanzania nzima. Mzazi anayetaka watoto wake wa shule ya msingi wajifunze kitu humo itambidi aketi nao na kuwatafsiria.

Kipindi nilichokisubiri kwa hamu kuliko vyote ni kile cha mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Tarehe 2 mwezi huo meli za Waingereza zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, zilifika mbele ya bandari yetu. Askari waliteremshwa upande wa Raskazone, na tarehe 4 wakasonga kuelekea mjini wakipita katika mashamba ya mpira na mkonge, ambako walikutana na jeshi la Wajerumani lenye watu wapatao elfu moja tu, wengi wao askari Waafrika, ambalo Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amelileta kwa reli ya Usambara kutoka Moshi. Waingereza walishindwa, wakarudi melini tarehe 5, na nyuma yao wakaacha bunduki za rashasha 16 pamoja na risasi zipatazo 600,000. Haya yote kipindi kimeyaeleza kwa usahihi, na ramani zake zinasaidia sana: mtu anayeijua njia ya kutoka Raskazone hadi stesheni ya reli anaweza kuufuata mwendo wa vikosi hatua kwa hatua, na kuelewa kwa nini askari waliokwisha kuchoka kwa safari ndefu ya bahari walipotezana ndani ya vichaka vile.

Tatizo linaanza pale picha zinapochukua nafasi ya ushahidi. Nilikitazama kipindi hicho pamoja na mzee mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani aliyestaafu kazi ya reli, na msimulizi alipokuwa akieleza jinsi askari walivyosafirishwa kutoka Moshi, pakaonyeshwa filamu ya zamani ya gari moshi lililojaa wanajeshi. Mzee akasema, "Hiyo si reli yetu, mwanangu. Ya kwetu ni ya mita moja, hiyo ni pana. Na itazame miti yake, haina hata jani." Alikuwa na haki. Ile ilikuwa reli ya Ulaya wakati wa baridi, imewekwa juu ya maneno yanayohusu Tanga, bila maandishi yoyote kwenye kioo ya kumweleza mtazamaji kwamba picha si ya tukio linalosimuliwa. Najua kwamba watayarishaji hulazimika kujaza kioo na kitu, kwa sababu televisheni haiwezi kuonyesha sauti tupu. Lakini picha ya zamani ina nguvu ya kuaminika ambayo maneno hayana, na anayeichukua ya mahali pengine na kuibandika hapa bila kusema amemdanganya mtazamaji hata kama kila neno la msimulizi ni la kweli.

Jambo la nyuki ni zito zaidi. Ni kweli kwamba katika mapigano yale makundi ya nyuki yalichafuka kwa milio ya bunduki, yakawashambulia watu vibaya, na ndiyo sababu Waingereza wengine huyaita mapigano ya Tanga mapigano ya nyuki. Ni kweli pia kwamba nyuki hawakuchagua upande, na kwamba askari wa Kijerumani nao waliumwa. Baada ya kushindwa kule, hata hivyo, ulienea uvumi upande wa Waingereza kwamba Wajerumani walikuwa wametega mizinga ya nyuki kwa nyaya ili adui akizikanyaga awafungue nyuki mwenyewe. Kipindi kimeuigiza uvumi huo kirefu: waya unavutika, mzinga unapinduka, askari wanakimbia wakipiga mayowe, na msimulizi anatosheka na neno moja tu, kwamba inasemekana.

Inasemekana na nani, lini, na kwa faida ya nani? Hayo ndiyo maswali ambayo kipindi cha historia kimelipiwa kuyajibu, na katika habari hii majibu yapo na yana maana kubwa kuliko uvumi wenyewe. Jeshi la watu 8,000 lilikuwa limefukuzwa na watu elfu moja. Nahodha wa manowari ya Fox alikuwa ameingia kwanza bandarini na kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa, na hivyo akawapa muda wa kuita msaada. Wakuu wa msafara walidharau uwezo wa askari Waafrika waliokuwa wakiwakabili. Na askari waliteremshwa kabla ardhi haijapelelezwa ipasavyo. Ukiyajua hayo, unaelewa mara moja kwa nini hadithi ya mtego wa nyuki ilipendwa, kwa maana iliwapa walioshindwa adui mwenye hila zisizotazamiwa, na ikaondoa lawama mabegani mwa waliopanga. Uvumi ni chanzo cha historia pia, na wakati mwingine ni chanzo kizuri, lakini hueleza zaidi habari za waliousema kuliko za tukio lenyewe. Kipindi kilikuwa na dakika za kutosha kulisema hilo, kikazitumia kwa maigizo.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ya zote ni matumizi ya shajara ya Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi wa Uingereza aliyekuwapo Tanga siku zile. Karibu kila dakika ya kusisimua katika kipindi hicho imesomwa kutoka kwake kwa sauti ya mwigizaji, pamoja na habari za kwenda kwake kwa Wajerumani chini ya bendera nyeupe baada ya mapigano na kukaribishwa kifungua kinywa. Naelewa kwa nini watayarishaji humpenda. Anaandika kwa ufasaha, anaona kila kitu, yupo kila mahali, na daima yeye ndiye mwenye akili katikati ya wajinga. Hizo zote ni sababu za kumsoma kwa tahadhari.

Shajara zake za jeshi zilichapishwa mwaka 1960, yaani miaka 46 baada ya mapigano ya Tanga, na zilizohifadhiwa Oxford ni kurasa zilizopigwa taipu. Watafiti waliozichunguza tangu miaka ya 1990 wameonyesha kwamba baadhi ya sehemu zake ziliandikwa upya au kuongezwa baadaye, na kwamba matukio kadhaa aliyojivunia hayana shahidi mwingine au yanapingana na nyaraka za wakati ule. Habari zake si za vita tu. Meinertzhagen alikuwa pia mtaalamu wa ndege mwenye sifa kubwa, na katika miaka hiyohiyo ya 1990 iligundulika kwamba aliiba ndege waliokaushwa kutoka katika hazina za makumbusho, pamoja na ya London, akawabandika lebo mpya zenye tarehe na mahali pa uongo. Mfano unaojulikana zaidi ni bundi mdogo wa misitu ya India: Meinertzhagen alidai kwamba alimpata mmoja mwaka 1914, dai hilo likathibitika kuwa la uongo, na watafiti walipoziweka kando habari zake na kutafuta mahali ambako vielelezo vya kweli vilikuwa vimepatikana, wakamkuta bundi huyo akiwa hai mwaka 1997, baada ya zaidi ya karne moja ya kutoonekana na wataalamu.

Hayo hayafuti ukweli kwamba alikuwapo Tanga, wala hayamaanishi kwamba kila sentensi yake ni ya uongo. Mwanahistoria makini anaweza kumtumia, kwa kumlinganisha na ripoti za siku zile na na historia rasmi ya vita iliyokusanywa na Charles Hordern na kuchapishwa mwaka 1941, na kuyaamini yale tu yanayoungwa mkono na shahidi mwingine. Lakini mtazamaji aliyeketi sebuleni Chumbageni au Makorora hana vitabu hivyo mkononi. Alichohitaji ni sentensi moja ya msimulizi, kwamba mtu huyu aliziandika upya baadhi ya kumbukumbu zake na wataalamu wengi hawamwamini. Kipindi kilitengenezwa miaka mingi baada ya habari hizo kutangazwa, kwa maana kinazungumzia vitabu vya karne hii, kwa hiyo waliokitengeneza walikuwa na kila nafasi ya kujua. Kuinyima hadhira sentensi hiyo ni kosa ambalo siwezi kulisamehe kwa sababu ya uzuri wa ramani.

Lettow-Vorbeck naye amepewa imani ya bure. Ile habari maarufu ya yeye kuingia mjini usiku kwa baiskeli, akizipita nyumba tupu hadi karibu na bandari ili kujionea hali ya adui, imetoka katika kumbukumbu zake mwenyewe alizozichapisha mwaka 1920, wakati Ujerumani iliyoshindwa ilikuwa ikimhitaji jenerali ambaye hakushindwa. Sina sababu ya kuikataa habari ya baiskeli. Ninachosema ni kwamba mtazamaji angeipokea kwa namna nyingine kama angeambiwa kwamba anayesifiwa ndiye anayesimulia.

Upande mwingine wa mizani hauna kitu. Katika saa nzima ya kipindi hakuna Mwafrika hata mmoja anayezungumza, wala anayenukuliwa, ilhali sehemu kubwa ya waliopigana upande ulioshinda walikuwa Waafrika, na mji uliopiganiwa ulikuwa wa Waswahili, Wadigo, Wabondei na wengineo. Vita ile ilipoendelea hadi 1918, mzigo wake mkubwa kuliko wote uliwaangukia wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wanakadiriwa kufikia karibu 100,000, na upande wa Wajerumani hesabu zilizowekwa zilikuwa haba mno. Kipindi kimewataja wapagazi katika sentensi moja, kikiwaita sehemu ya mazingira magumu ya vita, kama vile mvua na mbung'o.

Watayarishaji wangeweza kujitetea kwamba vyanzo havipo, na utetezi huo una ukweli kwa sehemu. Nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea hifadhi yake ya Potsdam ilipopigwa mabomu Aprili 1945. Historia rasmi ya Waingereza iliishia juzuu ya kwanza, na ya pili haikuchapishwa kamwe. Hata hivyo anayetaka kutafuta hakosi. Tanga hii ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili kabla ya vita, Kiongozi, lililochapishwa katika shule ya serikali ya Wajerumani, na ingawa lilikuwa chini ya macho ya serikali na lisingechapisha la kuiudhi, mwandishi wa habari makini angepata humo majina, shughuli na fikra za makarani na walimu waliokuwa wakiishi mjini hapa. Martin Kayamba, Mbondei aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali hapa Tanga mwaka 1922, aliandika habari za maisha yake zilizochapishwa Uingereza mwaka 1936, na humo ameeleza jinsi Wajerumani walivyomfunga wakati wa vita. Yeye alikuwa karani wa Waingereza na aliwapenda, na hilo nalo msomaji huliweka moyoni anapomsoma. Lakini ni sauti ya mtu wa nchi, imeandikwa, imechapishwa, tena kwa Kiingereza, na hakuna aliyeisoma mbele ya kamera.

Kipindi cha pili nilichokichunguza kinahusu vita vya Abushiri bin Salim wa Pangani, 1888 hadi 1889. Hiki ni kifupi, na kasoro yake ni moja lakini imekiharibu chote: kimevieleza vita hivyo kuwa uasi wa Waarabu wafanyabiashara ya watumwa waliowapinga Wajerumani waliokuja kuwakomboa watu. Maelezo hayo yana asili yake na tarehe yake. Kampuni ya Kijerumani ilianza kutwaa utawala wa miji ya pwani Agosti 1888 kwa mkataba iliouandikiana na Sultani wa Zanzibar, na kule Pangani ofisa wake Emil von Zelewski aliishusha bendera ya Sultani kwa nguvu. Watu wa pwani wakainuka, kuanzia waungwana wa miji hadi watu wa bara. Kampuni iliposhindwa, Bismarck, kansela wa Ujerumani, alihitaji fedha za umma kupeleka jeshi, na bunge la Ujerumani lisingezitoa kwa urahisi ili kuiokoa kampuni ya wafanyabiashara. Vita vilipopewa sura ya mapambano dhidi ya biashara ya watumwa, wabunge Wakatoliki nao waliunga mkono, na mwanzoni mwa mwaka 1889 zikapitishwa marki milioni mbili na Hermann von Wissmann akatumwa. Ni kweli kwamba baadhi ya viongozi wa upinzani walikuwa na watumwa na mashamba. Lakini Bwana Heri wa Saadani, mmoja wa wapinzani wakubwa, alikuwa mtawala wa pwani mwenye watu wake Wazigua nyuma yake, na hakuingia vitani kwa amri ya Mwarabu yeyote. Kipindi kilichotengenezwa zaidi ya miaka mia moja baadaye kimerudia hoja iliyotungwa Berlin ili kupata kura za bunge, na kimeirudia bila kujua kwamba ni hoja.

Kinachoumiza ni kwamba chanzo cha upande wa pili kimetoka hapahapa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga aliutunga utenzi wa vita hivyo, na kichwa chake chenyewe kinataja mwaka, 1307 wa Hijria, maana yake ni kwamba aliandika wakati damu haijakauka. J.W.T. Allen aliuhariri na kuutafsiri kwa Kiingereza tangu miaka ya 1950, kwa hiyo hata kisingizio cha lugha hakipo. Utenzi nao una mwenyewe: mtunzi ni mwanachuoni Mwislamu aliyechukizwa na Wadachi, yaani Wajerumani, vina na mizani vilimwongoza katika kuchagua maneno, na hotuba anazowatilia wahusika vinywani si lazima ziwe ndizo zilizotamkwa. Msomaji ayapime hayo. Hata hivyo, anayetaka kujua watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, waliionaje siku ile bendera ngeni ilipopandishwa, hapati mahali pa karibu zaidi. Kipindi kilimnukuu Wissmann mara nyingi na hakikumtaja Hemedi hata mara moja.

Sasa nije kwenye kipindi ambacho kwa ajili yake nimeona fedha yangu haikupotea. Ni mfululizo kuhusu akiolojia ya miji ya Waswahili, na sehemu yake bora ni ile inayouchukua utafiti wa vinasaba (DNA) uliochapishwa Machi 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kama Kilwa, Songo Mnara, Lindi, Mtwapa, Manda na Faza, pamoja na mahali pamoja pa bara nchini Kenya. Kipindi kinaanza na chanzo cha maandishi: tarihi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliifupisha katika kitabu chake cha mwaka 1552 na ambayo imebaki pia katika nakala ya Kiarabu, inayosema kwamba mji ulianzishwa na watu waliotoka Shirazi, huko Uajemi. Halafu kinaonyesha jinsi wataalamu wa wakati wa ukoloni walivyoichukua tarihi hiyo kudai kwamba miji yote ni kazi ya wageni. Jinsi wachimbaji waliofuata walivyogundua kwamba chini ya misikiti ya mawe kuna makazi ya wenyeji ya udongo na miti yaliyoendelea bila kukatika, na baadhi yao wakaiona habari ya Shirazi kuwa hadithi tu ya kujitukuza. Na jinsi vinasaba vilivyokuja kusema jambo ambalo halikuwaridhisha kabisa upande wowote. Wengi wa watu wale walikuwa na nusu au zaidi ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa akina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000.

Ninakisifu kipindi hiki kwa namna kilivyofanya kazi yake, zaidi hata ya matokeo yenyewe. Kila mzungumzaji ametajwa jina, kazi na mahali anapofanyia kazi. Kila mfupa unaoonyeshwa umeandikiwa mahali ulikotoka. Wataalamu wawili wanatofautiana mbele ya kamera juu ya maana ya neno Mshirazi katika maandishi ya zamani, na mtayarishaji hakuwakata. Jambo muhimu kuliko yote kwangu ni kwamba msimulizi anasema wazi kuwa waliochunguzwa ni wale waliozikwa katika makaburi ya heshima, kwa hiyo huenda hawawakilishi kila mtu aliyeishi mjini, na kwamba miji mingi haikuguswa. Sisi wenye magofu ya Tongoni, pamoja na msikiti wake na makaburi yake yenye nguzo, hatukupewa jibu lolote kuhusu Tongoni, na hivyo ndivyo ilivyopasa, kwa sababu hakuna mabaki ya Tongoni yaliyokuwamo katika utafiti ule. Mtayarishaji mwingine angeijaza nafasi hiyo kwa kukisia.

Na wanaokisia wapo tele katika chaneli ya pili. Kuna mfululizo mzima unaouliza kama majengo ya kale ya Afrika yalijengwa na viumbe waliotoka sayari nyingine, na Zimbabwe Kuu imo. David Randall-MacIver alionyesha mwaka 1905 kwamba Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson alilithibitisha hilo kwa uchimbaji wa mwaka 1929. Watayarishaji hawa hawakanushi ushahidi huo; hawautaji kabisa, bali huweka swali mahali pa dai, kwa kuwa anayeuliza tu hawezi kushitakiwa kwa uongo. Nawasihi wazazi wasiwaache watoto wadogo peke yao na chaneli hiyo.

Lipo jambo moja la huduma linalohusu kampuni yenyewe wala si watayarishaji, na ningependa lirekebishwe. Mwisho wa kila kipindi hupita orodha ya walioshiriki, na humo ndimo yanamotajwa majina ya hifadhi za nyaraka, maktaba za picha na washauri wa historia. Yaani hapo ndipo pekee ambapo mtazamaji anaweza kujua picha ya gari moshi ilitoka wapi. Kampuni huibana orodha hiyo ikawa kipande kidogo pembeni mwa kioo na kuipitisha mbio, huku nafasi iliyobaki ikichukuliwa na tangazo la kipindi kinachofuata. Maelezo yanayopatikana kwa kubonyeza rimoti ni mistari miwili, bila mwaka wa kutengenezwa wala nchi. Mwaka wa kutengenezwa ni muhimu, kwani kipindi kilichotengenezwa kabla ya 2023 hakiwezi kulaumiwa kwa kutojua utafiti wa 2023, na mtazamaji hana namna nyingine ya kupambanua. Niliwapigia huduma kwa wateja kuomba taarifa hizo kuhusu kipindi cha mapigano ya Tanga, nikapokewa kwa adabu na kijana aliyenisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba mfumo wake unaonyesha malipo na hitilafu za mawimbi tu. Sikumlaumu yeye.

Kwa anayefikiria kulipia, ushauri wangu ni huu. Mwalimu wa sekondari au mwanafunzi wa chuo anayesoma historia atafaidika, mradi awe na tabia ya kuandika jina la kila mzungumzaji na kulitafuta baadaye, na mfululizo wa akiolojia unatosha kuihalalisha gharama ya miezi unaporushwa. Familia inayotaka tu kujifunza historia ya nchi yetu kwa Kiswahili haitapata humo inachokitafuta, na gharama hiyo ingewanunulia vitabu. Mimi nitaendelea na kifurushi cha juu hadi mfululizo wa akiolojia utakapofika mwisho, kisha nitashuka kifurushi cha kati. Na kampuni ikiacha kuibana orodha ya mwisho na ikaanza kuandika mwaka wa kila kipindi, nitapanda tena.